"Ubao wa Manyoya" au Chanuo la Kugandamizia?

Miongoni mwa istilahi zinazoletwa mbele yetu ili zipimwe, zile za useremala hudhaniwa kuwa nyepesi kuliko za sheria au utabibu. Sivyo. Kosa katika barua ya ofisini husahihishwa kwa wino. Kosa katika maelekezo ya msumeno wa meza laweza kumgharimu fundi vidole vyake. Kwa sababu hiyo twapenda kuichambua tafsiri moja ya maelekezo ya karakana, ifundishayo kutengeneza na kutumia kifaa ambacho mfasiri amekiita "ubao wa manyoya".

Mfasiri amelifuata jina la Kiingereza neno kwa neno. Kifaa chenyewe ni kipande cha ubao ulionyooka nyuzi zake, kilichokatwa ncha mshazari kwa pembe ya digrii 30 hivi, kisha kikachanjwa mikato mingi sambamba kwa kuzifuata nyuzi hizo, hata zikabaki njiti nyembamba zinazonepa, zenye unene wa milimita 3 hadi 6. Mwingereza ameona humo unyoya wa ndege. Mswahili asikiapo manyoya hufikiri kuku, au mto wa kulalia. Wala jina hilo halimwonyeshi kazi ya kifaa, nayo ni kuugandamiza ubao unaopasuliwa usiachane na chuma cha kuongozea, ambacho mfasiri huyo huyo amekiita "ua", na kuuzuia usirudi nyuma. Njiti huinamia upande uendako ubao: ukisonga mbele huuachia upite, ukitaka kurudi huukaba.

Neno tunalo. Chanuo la mti lajulikana tangu zamani, na "chanuo la kugandamizia" lataja umbo na kazi kwa pamoja. Huenda ikasemwa kwamba chanuo ni la nywele. Lakini mguu wa mtu umekwisha kuwa mguu wa meza, na hakuna anayeshangaa. Tunalotahadharisha ni kuviita vijisehemu vyake "meno", kama tufanyavyo kwa chanuo la nywele. Maana meno ya msumeno yapo karibu, na maelekezo yasemayo "meno yaguse ubao" yatamchanganya mwanafunzi. Yafaa ziitwe njiti.

Kosa zito zaidi halimo katika istilahi, bali katika maneno mawili madogo: "Kifunge mbele ya msumeno." Mbele ya nani? Kwa fundi aliyesimama mezani, mbele ya msumeno ni ng'ambo, ambako ubao hutokea ukiwa umekwisha kupasuliwa. Mahali panapotakiwa ni upande wa huku, kabla ubao haujaufikia msumeno. Chanuo likigandamiza ubavuni mwa msumeno, au ng'ambo yake, huufumba mkato. Kipande kilichopasuliwa hubanwa kwenye msumeno uzungukao, nao hukirusha nyuma kwa nguvu kumwelekea fundi. Kifaa cha kumlinda kimegeuka cha kumdhuru, na aliyekigeuza ni mfasiri.

Mrusho huo mfasiri ameuita "teke", na hapa twampongeza. Ni neno fupi, la kwetu, na kila aliyefuga punda ajua kwamba teke halitoi taarifa.

Sentensi ile twashauri iandikwe hivi: "Lifunge chanuo kwa vibano upande unaosimama wewe, njiti zake ziuguse ubao kabla haujayafikia meno ya msumeno." Imekuwa ndefu, lakini haina njia mbili za kufahamika. Tena iongezwe kwamba chanuo haliondoi haja ya kijiti cha kusukumia ubao mwembamba mwishoni mwa mpasuo.

Mfasiri wa maandishi ya ufundi hana budi kwenda karakanani aione mashine kabla ya kuifungua kamusi. Nao walimu wa ufundi twawaomba watuletee majina wayatumiayo mafundi wenyewe. Kama lipo lililokwisha kuzoeleka, hilo litatangulia letu.