Kifungu au Kanuni? Uhakiki wa Unukuzi wa Kanuni za Serikali ya Uganda

Makala haya mafupi yanahakiki jinsi kanuni za serikali ya Uganda zinavyopangwa na kunukuliwa, na yanauliza iwapo msomaji wa Kiswahili anaweza kuzifikia.

Mpangilio wenyewe ni ngazi. Juu ipo Katiba ya mwaka 1995. Inafuata Sheria ya Bunge, yenye vifungu. Chini yake zipo Kanuni, ambazo waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na Sheria hiyo. Kanuni hutangazwa pamoja na Gazeti la Serikali na kupewa namba na mwaka, zikitanguliwa na herufi S.I. Kwa mfano, Sheria ya Wakimbizi ni ya mwaka 2006, na Kanuni zake ni S.I. Na. 9 ya mwaka 2010.

Sifa ya utaratibu huu ni kwamba namba na mwaka huonyesha hati moja tu. Kasoro yake ni kwamba namba hiyo haitaji Sheria mama. Toleo la sheria la mwaka 2000 lilijaribu kuziba pengo hilo: Kanuni za Mwenendo wa Madai ziliitwa S.I. 71-1, yaani za kwanza chini ya Sura ya 71. Hata hivyo, toleo lililoanza kutumika Julai 2024 limeipa Sheria hiyo Sura ya 282, ilhali Kanuni zingali zikinukuliwa kama S.I. 71-1. Kibao kinaelekeza nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Tugeukie lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Wakongo na Warundi wengi huelewana kwa Kiswahili. Kanuni ya 65 inawapa wakimbizi matumizi ya bure ya ardhi kwa kilimo na malisho, bila haki ya kuiuza wala kuikodisha. Anayeambiwa kwa mdomo tu kwamba "sheria inakataza" husikia katazo, asisikie haki iliyomo katika kanuni hiyohiyo. Akikosa namba, hana pa kuthibitishia.

Hapa ndipo neno moja linapoleta madhara. Mfasiri akiandika "kifungu cha 65", humpeleka msomaji kwenye Sheria badala ya Kanuni. Mkongo hupotea kwa urahisi zaidi, kwa sababu katika mapokeo ya Kifaransa sheria na amri ya waziri hugawanywa kwa jina lilelile la sehemu.

Istilahi hatuna haja ya kuzibuni. Kutoka Kikagate, ukivuka mto Kagera unaingia Murongo, Tanzania, ambako Sheria ina vifungu, Kanuni zina kanuni, na hati hutajwa kwa Tangazo la Serikali, namba na mwaka. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini humo.

Tunapendekeza walimu wa Mbarara na kwingineko wafundishe unukuzi huu katika somo la tafsiri. Mwanafunzi azoee kuandika kwa ukamilifu: kanuni ya 65 ya Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 (S.I. Na. 9 ya 2010), zilizotungwa chini ya Sheria ya Wakimbizi. Ni maneno mengi, lakini msomaji akiyashika ataweza kuitaja haki yake mbele ya ofisa yeyote.