Kosa lilianzia kwenye ufunguo

Mliotazama ukaguzi wa ile Corolla 110 ya kijivu pale yadini mtakumbuka jinsi ilivyoletwa. Muuzaji aliitoa nyuma mwenyewe, akaiegesha mbele ya watu, akashuka na kumwachia fundi kiti huku injini ikinguruma. Fundi akaketi, akatupa jicho kwenye dashibodi, akatangaza kwamba taa ya ABS haiwaki, kwa hiyo ABS ipo na ni nzima. Akaandika. Ukaguzi wa mfumo ule uliishia hapo, na ulikuwa umeharibika tangu alipokubali kupokea gari lililokwisha kuwashwa.

Alipaswa kulizima. Azime, azungushe ufunguo hadi ON bila kupiga stata, kisha atulize mikono na kutazama. Katika Toyota za umri ule taa ya ABS huwaka, hukaa kama sekunde 3, halafu huzimika yenyewe wakati injini bado imelala. Sekunde hizo ndizo ushahidi wote: kompyuta ya breki imejipima, imekuta nyaya na sensa zinaitikia, imeiondoa taa. Baada ya hapo dashibodi haina tena la kusema. Taa iliyozima wakati injini inanguruma huonekana vilevile kwenye gari lenye ABS nzima, kwenye gari ambalo halikufungwa ABS kiwandani, na kwenye gari lenye ABS iliyokufa ambalo mtu amelichomoa balbu. Fundi alikuwa na majibu matatu mbele yake na hakuwa na kitu chochote cha kuyatenganisha, akaandika lile lililomfaa muuzaji.

Kuna hali ya nne, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu fundi wa umri wake anaijua. Mjanja hachomoi balbu siku hizi. Anaiunganisha na waya wa taa ya oili au ya chaji, ili mnunuzi aliyefundishwa kidogo aone taa ikiwaka kwenye ON na kuridhika. Mtego huo unanaswa kwa njia moja tu: kusubiri bila kupiga stata. ABS ya kweli hujizima baada ya hizo sekunde chache huku taa ya oili na ya chaji zikiendelea kuwaka. Ya kuunganishwa hung'ang'ania hadi injini ishike, kisha zote huzimika kwa pamoja. Gari likishaletwa linanguruma, mtego huo umekupita, na sioni kwa nini muuzaji yeyote aachiwe nafasi hiyo. Nimelisema hili kwenye safu hii kuhusu taa ya eabegi, nimelisema kuhusu taa ya injini, nami nitaendelea kulisema: ufunguo uanze mkononi mwa mkaguzi, na injini iwe imepoa.

Na 110 si gari la kubahatisha. Zilitoka Japani zenye ABS na zisizo nayo, tena mbili zinazofanana rangi na mwaka zinaweza kutofautiana. Tangazo la muuzaji lenye tiki ya ABS si kitu. Maandishi ya kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi nayo hayatoshi, kwa kuwa kifuniko kimoja huweza kufungwa kwenye matoleo tofauti, na tundu lenye jina la ABS likawa tupu kabisa. Jibu liko kwenye chuma. Funua boneti, fuata mabomba ya breki kutoka masta silinda. Kama ABS ipo, yanaingia kwenye bonge la aluminiamu lenye mota ndogo ya duara na soketi nene ya nyaya, na upande wa pili yanatoka mabomba manne, kila moja na tairi lake. Kama haipo, hutalikuta bonge hilo. Kisha kata usukani hadi mwisho, chungulia nyuma ya tairi la mbele: waya mwembamba unaoshuka hadi kwenye nako, kando ya mpira wa breki, ni wa sensa. Boneti ile ilifunuliwa, tuliiona sote. Fundi alipima oili, akatazama mkanda, akaifunga.

Angechungulia pale kwenye nako angefika pia kwenye ugomvi wangu wa zamani, yaani jointi za CV. Jointi ya nje ya gari lenye ABS ina pete ya meno, na meno hayo ndiyo sensa inayoyasoma ili ijue kasi ya tairi. Dukani jointi zipo za aina mbili, zenye meno na zisizo nayo, na zote mbili zinaingia. Jointi ikianza kugonga kwenye kona, gari linapelekwa gereji, linafungwa isiyo na meno, linatoka kimya na mwenyewe anafurahi. Tairi moja halisomeki tena, kompyuta inaukata mfumo wote wa ABS, taa inawaka, na hapo anaitwa mtu wa umeme kuja kuinyamazisha taa. Breki za kawaida zinabaki zikifanya kazi, ndiyo maana hakuna anayeshtuka mpaka siku ya mvua. Gari lililotumika miaka mingi kwenye barabara zetu limeshabadilishwa jointi. Kulikagua bila kutazama meno ni kukagua nusu ya gari.

Jaribio la barabarani halikuokoa kitu. Alikanyaga breki kwenye lami kavu, kwa mwendo wa taratibu, gari likasimama, akaonyesha dole gumba. Tairi haliwezi kugoma pale, na lisipogoma ABS haina la kufanya. Angetafuta kipande cha changarawe kisicho na watu wala gari nyuma, akaenda kilomita 30 au 40 kwa saa, akabana pedali mara moja bila kuiachia. Pedali ikitetemeka chini ya mguu na tairi zikiendelea kuzunguka, ipo. Gari likiserereka na kuacha mistari, haipo au imekufa.

Pedi, diski, bushi na mafuta ya breki alivikagua vizuri, sina neno.

Kujipima huku si siri ya mabingwa. Bosch na Mercedes-Benz walipoiingiza sokoni ABS ya kielektroniki ya magurudumu manne mwaka 1978, kwenye S-Class, nayo ilijichunguza na kumwambia dereva kwa taa ikiwa na hitilafu. Na kabla ya hapo palikuwa na watu waliojua breki kwa mguu na kwa spana. Joginder Singh, fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda Safari Rally ya 1965 na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mashindano. Gari la mkononi, kwenye tope la Afrika Mashariki, na kazi ya ABS ikifanywa na mguu wake uliokuwa ukipampu pedali. Mtu wa namna ile siwezi kumwona akipokea gari la mtu mwingine linanguruma na kuliamini kwa kutazama kioo cha dashibodi.

Wapo wanaomtetea fundi wetu kwamba muuzaji aliomba gari lisizimwe kwa sababu betri ilikuwa dhaifu na huenda lisingewaka tena. Nimelisikia ombi hilo kama mlivyolisikia. Basi hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa kwenye fomu yake. Fomu nimeiona: kwenye mstari wa betri ameweka tiki.