Karamu na Kisasi: Kumsoma Homer katika Unyakyusa

Wanaozisoma tenzi za Homer hupenda kuusifu ukarimu wa Wayunani wa kale: mgeni hunawishwa mikono, hulishwa, ndipo huulizwa jina lake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini mara nyingi huishia mlangoni. Katika Odyssey waposaji 108 wanakula mifugo ya mwenye nyumba bila ridhaa yake, na katika kitabu cha 22 wanauawa ukumbini, mle mle walimokula. Zeus anayewalinda wageni ndiye pia anayewalipiza kisasi wavunjao heshima ya meza.

Msomaji wa Ngonga, au wa popote katika uwanda wa Kyela, hataiona sheria hii kuwa ngeni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey katika Unyakyusa miaka ya 1930, alitoa mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company kuhusu vijiji vya rika. Humo aeleza ukwangala, yaani furaha ya kula, kunywa na kuzungumza na wenzako; aeleza pia “pumzi ya watu”. Aliyechinja akala na watu wa nyumba yake tu alinung’unikiwa na majirani, na pumzi yao ya baridi ilisadikiwa kumletea homa. Kwa Homer anayeadhibiwa hasa ni mgeni aliyezidisha kula (Polyphemus, mwenyeji aliyewala wageni wake, ni habari nyingine). Kwetu alikuwa mwenyeji aliyebana chakula.

Liko jambo zito zaidi. Homa ya mchoyo ilikuwa na njia ya kutokea: aliwaandalia majirani karamu, nao wakayatamka yaliyokuwa mioyoni mwao, hasira ikapoa. Katika Odyssey njia hiyo imezibwa. Eurymachus anaahidi kwamba kila mposaji atalipa thamani ya ng’ombe 20, Odysseus anakataa. Leodes, mwaguzi aliyeyachukia maovu ya wenzake, anayashika magoti yake akiomba huruma, naye anakatwa kichwa. Vijakazi 12 wanalazimishwa kusafisha damu, kisha wananyongwa. Wako wafafanuzi wanaoyaita haya haki iliyotimia. Sikubaliani nao, wala sidhani kwamba mshairi mwenyewe aliridhika: katika kitabu cha 24 jamaa za waliouawa wanashika silaha, na bila Athena kuingilia kati damu ingeendelea kudai damu.

Tusiipambe desturi yetu kupita kiasi, hata hivyo. Pumzi iliyomlinda mwenye njaa ndiyo iliyoweza kumtisha jirani aliyevuna vizuri, na anayegawa kwa kuogopa homa bado hajapenda.

Katika Warumi 12, Paulo anataja kuwakaribisha wageni katika aya ya 13, kisasi katika aya ya 19, na katika aya ya 20 adui mwenye njaa analishwa. Mhubiri anayeisoma aya ya 13 peke yake amewahubiri marafiki tu. Homer aliikaribia aya ya 20 mara moja, mwishoni mwa Iliad. Mzee Priam anaingia kambini kwa Achilles, aliyemwua mwanawe Hector. Wanalia pamoja, Achilles mwenyewe anachinja kondoo mweupe, wanakula, na vita vinasimamishwa siku 11 kwa ajili ya maziko. Lakini meza ile haikumpa mgeni usalama wa usiku mmoja. Kabla ya mapambazuko Hermes alimwamsha Priam na kumtoa kambini kimya kimya, Agamemnon asije akajua kwamba yumo.