Athari ya Edward Saidi Tingatinga kwa Wachoraji Waliomfuata: Kunakili au Kurithi?

Makala haya yanahakiki namna kazi ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, ilivyowachochea wachoraji wengine. Wafuasi wake hulaumiwa mara kwa mara kwa kunakili: chui yuleyule, ndege walewale. Tunahoji kuwa lawama hiyo haitenganishi picha na mbinu. Alichowarithisha wanafunzi wake, wakiwamo Simon Mpata na January Linda, ni njia ya kufanya kazi: hadibodi ya bei nafuu, rangi ing'aayo iliyotumika kupaka baiskeli, na mnyama mmoja mkubwa anayeijaza picha. Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ungeweza kuzikwa naye. Wafuasi waliuendeleza kwa kuchora makundi ya wanyama, maisha ya kijijini, hata foleni za wagonjwa hospitalini. Hata hivyo, soko la watalii huwatunza zaidi wanaorudia kuliko wanaobuni. Kwa hiyo, kinachoidumaza sanaa hii ni matakwa ya mnunuzi, wala si athari ya mwalimu. Tunahitimisha kuwa mwanafunzi humuenzi mwalimu anapoitumia mbinu yake kuchora yale ambayo mwalimu hakuyachora.