Umefikaje Chini?

Mikumi ni mji wa watu wanaopita. Malori ya Zambia yanapaki, madereva wanakula na kulala. Mabasi ya Mbeya yanashusha abiria, yanaondoka. Nyuma ya gereji moja, kijana wa kuziba pancha alikuwa ametandaza boksi lililokunjuliwa, akimfundisha mdogo wake brekidansi. Niliwakuta nikisubiri gari la Kilosa. Mdogo alikuwa na papara ya kuzunguka kwa kichwa. Kaka mtu akamzuia: "Dogo, kichwa kitakuja. Kwanza nionyeshe umefikaje chini."

Sijasikia swali zuri kama hilo kuhusu uchezaji. Mwanafunzi huchezesha miguu vizuri akiwa wima, kisha hukatika ghafla: anachuchumaa, anatafuta pa kuweka mkono, anajipanga, ndipo anaendelea. Muziki umeshampita. Aliyeiva hajipangi. Goti lake likiwa bado linakunjika, kiganja kimeshagusa sakafu. Mguu haunyanyuki mpaka uzito uwe umeuhama. Mtindo mmoja unapoisha, mwili tayari umekaa mkao wa mtindo unaofuata.

Kaka yule alikuwa anamfundisha hatua sita, ule mzunguko wa kuanzia, miguu ikilizunguka boksi huku mikono ikipokezana kubeba mwili. Uzuri wake ni kwamba hatua ya sita inakurudisha pale ilipoanzia ya kwanza, na ukishaizoea unaweza kuchepuka kutoka hatua yoyote ukaingia kwenye mtindo mwingine. Lakini hakumruhusu kuchepuka. Alimtembeza polepole, bila muziki, akimsimamisha katikati ya hatua: "Uzito uko wapi?" Dogo akibabaika, wanarudi mwanzo. Hakukuwa na ukali wowote, ila hakuna kosa lililosamehewa.

Watu wa Kilosa wanajua gharama ya kiungo kibovu. Reli inayotoka kwao kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000; ya TAZARA ina 1,067. Zinakutana Kidatu, na kwa sababu ya milimita 67 tu, mzigo wote lazima ushushwe behewa hili upakiwe lile. Ndivyo mchezaji asiyejua kuunganisha anavyoshusha mzigo kila anapobadili mtindo.

Mimi brekidansi niliiona kwanza kwenye disko toto la Idi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo filamu kama *Beat Street* ya 1984 zilitufikia kwa kanda, kwenye vibanda vya video vyenye mabenchi ya mbao na jasho la watoto waliobanana. Mwenye kibanda hakurudisha kanda nyuma kwa ajili ya mtu. Ulichokiona umekiona. Tulitoka na vipande vichwani: hapa mtu alikuwa amesimama, hapa ameganda juu ya mkono mmoja. Alifikaje? Ilibidi kila mmoja ajibu kwa mwili wake, na mwili ulijibu kwa kile ulichokijua.

Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, huko Kilosa, yalikusanya watu kutoka pembe nyingi za nchi, kila jamaa na ngoma yao. Mtoto wa nyumba ya Kimakonde alishuka chini kwa kiuno cha sindimba. Mwingine alishuka kwa mabega, kama alivyomwona babu yake uwanjani. Mitindo yenyewe ilikuwa ya Bronx ya kwenye kanda, ile ile kwa wote. Pale katikati ya mtindo na mtindo ndipo ulipojua huyu mtoto wa nani.

Wazazi wetu nao walikuwa na somo lao. Katika mkoa wetu, uliowalea wanamuziki Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, mtu mzima alijua wimbo wa dansi unavyoanza taratibu, wawili wameshikana, kisha gitaa linabadilika na chemko, ile sehemu ya kasi, inaingia. Mcheza dansi wa kweli hakusubiri chemko imshtue. Bega lilishaanza kuachia mapema, na mwenzi wake akaelewa bila kuambiwa.

Agosti 2024 mchezo huu wa brekidansi uliingia kwenye Olimpiki ya Paris, na Ami wa Japani akatwaa dhahabu ya wanawake. Mtazame vizuri: huoni hatua inapoishia. Los Angeles 2028 hautakuwepo, lakini hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua kiko mfukoni mwetu. Video za sekunde chache zinaanza mtu akiwa hewani na kukatika kabla hajatua. Kijana anaweza kuirudia mara mia, jambo ambalo sisi tulilikosa kibandani, lakini sehemu ya kujifunza imekatwa. Simu haimwulizi uzito uko wapi.

Tusiwalaumu vijana peke yao. Nenda harusini leo. DJ anakata wimbo dakika ya pili, anaweka mwingine, anaukata na huo. Watu wanapiga pozi kwa ajili ya kamera, wanakaa, wanainuka tena. Chemko haifikiwi kamwe. Na wale wazee waliojua kuingia nayo wamepangwa viti vya nyuma, karibu na spika, wakisubiri chakula. Hao ndio wangetufundisha, na hakuna anayewainua.