Vipembe Viwili Haviwi Disa

Lile ua la okidi la rangi ya waridi, la mwishoni mwa filamu, halikuwa Disa. Mlioitazama filamu ile ya Kitulo mnalikumbuka: kiongozi wa msafara anapiga goti, anaikodolea macho kofia ya ua kwa mbele, anatamka "Disa", anainuka. Kamera ilipopita ubavuni, vipembe viwili vilionekana vikining'inia sambamba na ovari. Viwili! Hiyo ni Satyrium.

Kilichomponza kinajulikana. Jenasi zote mbili huvaa kofia. Ila kofia ya Disa ni sepali ya juu, na kipembe chake kimoja huchomoza kwenye sepali hiyohiyo. Mdomo uko chini, mara nyingi mdogo na mwembamba. Ovari ya Satyrium haijipindi, kwa hiyo mdomo hubaki juu, nao ndio uliojikunja ukawa kofia na kuotesha vipembe viwili kwa nyuma. Hapo hadubini ya nini? Unageuza ua taratibu kwa kidole, bila kulichuma, unatazama kofia imetokana na nini. Yeye aliamua kwa rangi. Nimeshalipigia kelele sana hili na sitaacha: rangi ya okidi ni shahidi wa kuitwa mwisho. Na picha za mbele tupu, ambazo kila mwenye simu anarudi nazo kutoka nyandani, ndizo zinazolea tabia hii.

Okidi za Habenaria, kwa haki yao, watengenezaji wa filamu walizipatia, hadi petali zilizogawanyika.

V. S. Summerhayes, aliyeandika sehemu ya kwanza ya okidi katika Flora of Tropical East Africa (1968), alikuwa katika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mbele yake sampuli zilizokaushwa ambazo nyingi hupoteza rangi. Ilibidi asome umbo: mdomo, vipembe, ovari. Phillip Cribb akaendeleza kazi hiyo kwa sehemu za 1984 na 1989. Watu hao walitenganisha kwenye karatasi kavu kitu ambacho mwenzetu alikikosa kikiwa hai, kimelowa umande, mbele ya pua yake.

Na kosa hili lina gharama. Viazi vya okidi za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kuvushwa hadi Zambia, Disa na Satyrium zikiwa katika gunia moja. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ulinzi wa okidi unategemea kujua kipi kimebaki wapi. Ukiiandika Satyrium kuwa Disa, umeharibu hesabu za jenasi mbili kwa mpigo.

Jina la pili la ua lile, yaani la spishi, nalo limetuponyoka. Spishi za Satyrium hutenganishwa kwa urefu wa vipembe ukilinganishwa na ovari, na kwa majani: yamelala ardhini, yamepanda shinani, au yamejitenga kwenye chipukizi la pembeni. Vipembe tuliviona kwa sekunde chache tu, na kamera haikuteremka chini kabisa.