Jua la Buha na Somo la Kwanta

Mto Malagarasi, unaokusanya maji ya nyanda za juu za Buha na kuyamimina katika Ziwa Tanganyika, una maporomoko yake mahali paitwapo Igamba. Na katika mkataba wa maendeleo uliofanywa baina ya Tanzania na shirika la Marekani la Millennium Challenge, mkataba ambao kazi yake ilianza mwaka 2008 ikamalizika mwaka 2013, ilinuiwa kwanza kwamba maporomoko hayo yafungwe mitambo ili yatoe umeme kwa mkoa wa Kigoma, ambao kwa miaka dahari ulikuwa mbali na Gridi ya Taifa, na miji yake ya Kasulu na Kibondo ikitegemea majenereta ya dizeli. Uchunguzi ulipofanywa katika maji yale, ilidhihirika kwamba mlikuwamo viumbe adimu ambao huenda wasingesalimika na ujenzi. Basi shauri la maji likaachwa, na badala yake zikaletwa paneli za jua, zikapandishwa juu ya mapaa ya shule za sekondari, ya zahanati na ya vituo vya afya, na katika masoko ya vijiji.

Watu wengi waliliona badiliko hilo kuwa la mitambo tu. Mimi naliona kuwa lilikuwa badiliko la ilimu. Maji yaangukayo na gurudumu lizungukalo ni mambo ambayo Newton wa karne ya 17, akisaidiwa na Faraday wa karne ya 19, anatosha kuyaeleza hata mwisho. Lakini kipande cha silikoni kilalacho kimya juu ya bati, kisicho na kiungo kiendacho wala kirudicho, kikatoa umeme kwa kupigwa na jua tu, hakielezeki kwa Newton hata angefufuliwa akapewa umri mwingine. Kwa hiyo viumbe wale wadogo wa Malagarasi, pasipo kujua na pasipo kushukuriwa, walikuwa sababu ya mekanika ya kwanta, yaani ilimu inayokieleza kipande hicho, kupanda mapaa ya Kasulu na Kibondo kabla ya nguzo za gridi kufika.

Sikusudii hapa kuisifu ilimu hiyo yenyewe, maana imekwisha kusifiwa na walio bora kuliko mimi, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wake, kwa kuadhimisha karne moja tangu Werner Heisenberg alipoandika makala yake ya 1925. Nataka kuusifu ustadi mmoja usiotajwa sana: ustadi wa mwalimu anayewafundisha wanafunzi wa uhandisi somo hilo kwa mara ya kwanza, katika muhula mmoja, wakati wanafunzi hao wamekuja chuoni kujifunza kujenga vitu, wameshiba mizunguko ya umeme na hesabu za mihimili, na hawana subira na jambo ambalo hawaoni litawafaa nini. Mwanafunzi wa fizikia hulipenda fumbo kwa ajili ya fumbo. Mwanafunzi wa uhandisi huliuliza fumbo lina volti ngapi. Mwalimu asiyeliheshimu swali hilo la pili hafai kupewa darasa la wahandisi, hata awe bingwa wa namna gani.

Ustadi wake wa kwanza ni wa kuacha. Somo hili lina milango mingi ya fahari: kuna mjadala wa Bohr na Einstein, kuna paka wa Schrödinger wa mwaka 1935 ambaye hadithi humtaja kuwa hai na maiti kwa pamoja, kuna ulimwengu mwingi sambamba ambao watunzi wa filamu wameuchuma mpaka umekauka. Nimesikia walimu wanaoanza na paka. Wanafunzi hucheka, hushangaa, hurudi mabwenini wakibishana hadi usiku wa manane, na juma la pili, mlingano unapoandikwa ubaoni, wamekwisha kuamini kwamba somo hili ni la maajabu na kwamba maajabu hayahitaji kukokotolewa. Mwalimu stadi humfungia paka yule katika sanduku lake mpaka mwisho wa muhula, na pengine hamtoi kabisa. Huanza na nuru.

Huanza na nuru kwa sababu kijana aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati amekwisha kuusoma mchomoko wa elektroni kutoka katika metali ipigwayo na mwanga, naye aghalabu aliukariri kwa ajili ya mtihani kisha akauacha hapo. Max Planck alikuwa amesema mwaka 1900 kwamba nishati hubadilishwa kwa mafungu yasiyogawanyika, kila fungu likiwa kipimo cha marudio ya wimbi mara namba moja ndogo mno, ambayo leo twaiandika 6.626 mara kumi kwa kipeo cha hasi 34. Na Albert Einstein mwaka 1905 akathubutu kunena kwamba nuru yenyewe husafiri katika mafungu hayo. Mwalimu huchukua maneno hayo mawili, akauliza swali lenye sura ya kitoto: kwa nini taa nyekundu, hata iwe kali namna gani, hushindwa kuing'oa elektroni ambayo mwali dhaifu wa urujuani huing'oa mara moja? Mwenye kulielewa jawabu, yaani kwamba wingi wa mafungu madogo haulipi upungufu wa fungu moja lililo kubwa la kutosha, ameshika ufunguo wa paneli yote, ijapokuwa hajajua kwamba ameushika.

Baada ya nuru huja jambo gumu, nalo ni kwamba elektroni, ambayo mwanafunzi ameizoea kama punje, nayo ina mwenendo wa wimbi. Louis de Broglie alilisema hilo mwaka 1924, na miaka mitatu baadaye majaribio ya Davisson na Germer katika fuwele ya nikeli yakalithibitisha. Hapa ndipo nionapo murua wa kazi hii. Mwalimu hufunga elektroni baina ya kuta mbili zisizopitika, akaomba darasa litazame uzi wa gambusi: umebanwa huku na umebanwa huko, hauwezi kutoa sauti yoyote upendayo, hutoa zile tu ambazo mawimbi yake yanaenea kikamilifu baina ya vibanio viwili. Basi na wimbi la elektroni lililobanwa hukubali ngazi fulani za nishati na kuzikataa nyingine zote. Mlingano wa Schrödinger wa mwaka 1926, ambao ukiandikwa wote huwatia watu wahka, katika hali hii hugeuka kuwa hesabu ya saini ambayo mwanafunzi aliifanya sekondari, na ndani ya saa moja darasa zima limekokotoa ngazi hizo kwa mkono.

Kisha mwalimu hudai namba, maana bila namba mhandisi hajasadiki. Kuta zikiwa mbali kwa nanomita moja, ngazi ya kwanza ya elektroni hutokea karibu na elektroni-volti 0.38, na ya pili ni mara nne ya hiyo, karibu 1.5, tofauti yao ni kama 1.13. Kuta zikiwa mbali kwa mita moja, ngazi husongamana hata hakuna chombo cha kuzitenganisha, na kwa sababu hiyo twaishi maisha yetu bila ya kuona ngazi yoyote. Ni sadfa, na mwalimu mwaminifu huwaonya wanafunzi wake kuwa ni sadfa tu, kwamba tofauti ile ya 1.13 inakaribia sana pengo la nishati la silikoni, ambalo ni elektroni-volti 1.12, lakini huitumia sadfa hiyo kuwavusha kutoka sanduku la kubuni hadi madini ya kweli, ambamo atomu zisizohesabika zilizojipanga kwa nidhamu huzifanya ngazi za elektroni ziungane kuwa kanda mbili, na katikati pengo ambamo elektroni haina ruhusa ya kukaa, ila fungu la nuru lililo kubwa la kutosha laweza kuirusha hadi ng'ambo.

Na hapa twarudi Kasulu. Fundi wa sola aliye sokoni, mwenye testa yake, bisibisi na kipande cha risasi ya kulehemu, anajua mambo mengi ambayo profesa huyaandika kwa alama. Anajua kwamba paneli ndogo ya kuchaji betri ya volti 12 aghalabu ina seli 36, na kwamba seli moja, iwe kubwa au ndogo, hutoa nusu volti hivi: ukubwa wa seli huongeza ampea tu. Kwa nini nusu volti, na si mbili wala kumi? Kwa sababu ya pengo lile la 1.12, ambalo ndilo dari ya volti, na hasara zisizoepukika huikata dari hiyo kuwa nusu. Anajua pia kwamba paneli ikipata moto sana hupungua nguvu. Mhandisi ataongeza kwamba silikoni hupoteza kadiri ya asilimia 0.4 ya uwezo wake kwa kila digrii moja, kwa kuwa joto huzirusha elektroni juu ya pengo bila ya kungojea nuru na hivyo kuishusha volti. Ndiyo sababu jua la nyanda za juu, ambalo wageni kutoka pwani hulidharau kwa ubaridi wa upepo wake, laweza kuinufaisha paneli ileile kuliko jua kali la Dar es Salaam.

Lakini kuna mahali ambapo ujuzi wa testa haufiki, na napenda kukaa hapo kidogo. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika, William Shockley na Hans Queisser walifanya hesabu moja ya insafu: fungu la nuru lililo dogo kuliko pengo hupita bure, fungu lililo kubwa kuliko pengo hupoteza ziada yake kwa joto, na kwa hiyo seli ya tabaka moja haiwezi kamwe kuvuka kiasi cha theluthi moja ya nishati ya jua, hata itengenezwe na malaika. Sasa chukua paneli iliyo na eneo la robo ya mita ya mraba, inayouzwa ikiwa na karatasi nyuma iliyoandikwa wati 100. Jua kali la adhuhuri huleta wati 1,000 kwa mita ya mraba, yaani wati 250 kwa robo hiyo. Theluthi yake haifiki 84. Karatasi ile ni ya uongo, na uongo wake umejulikana bila ya kuifungua paneli, bila ya kuipeleka maabara, na bila ya kugombana na muuzaji. Ikiwa mwanafunzi hatatoka na jambo jingine katika muhula mzima ila hesabu hii, ada yake imerudi.

Mengine hufuata kwa haraka, na yafaa yafuate kwa haraka. Elektroni kupenya ukuta ambao kwa sheria za kale isingeweza kuuruka ni jambo ambalo Leo Esaki alilionyesha katika dayodi mwaka 1957, na ambalo lina mkono katika kuandika nyimbo ndani ya memori kadi za vijana wa Kibondo. Taa nyeupe za sola huanza kuwa buluu ndani, zikageuzwa nyeupe na unga wa manjano, na waliovumbua buluu hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na hakika yastahili kipindi kimoja kizuri. Mwenye kuipa vitano ameingia falsafa.

Kuna hoja ya kujibiwa. Husemwa kwamba fundi wa Kasulu hutengeneza paneli asimjue Schrödinger, na kwamba kumlazimisha mhandisi amjue ni anasa katika nchi yenye madaraja ya kujengwa. Nusu ya hoja hii ni kweli: ili kubadili waya uliokatika hakuhitajiwi mlingano wowote, na msomi anayemdharau fundi kwa sababu hiyo hana adabu. Lakini yupo mtu anayeandika masharti ya zabuni ya halmashauri, anayechagua paneli elfu kwa fedha ya umma, anayeamua kama chumba cha chanjo cha zahanati kitategemea betri hii au ile. Mtu huyo akiwa hajui vitu hivi hufanya kazi kwa nini, atasoma karatasi ya nyuma na kuisadiki. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, zama ambazo mhandisi wa umeme alihitaji kujua zaidi shaba, chuma na mafuta; mhandisi wa leo hushika silikoni tangu asubuhi hadi jioni, na mtaala unaomwachia silikoni kama sanduku lililofungwa humtoa chuoni akiwa mnunuzi mwenye shahada.

Gridi ya Taifa iliwasili Kasulu mwaka 2022, nalo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo paneli hazikuteremka kutoka mapaani, na vijiji vingi vilivyo mbali na barabara kuu vitaendelea kuzihitaji. Zile zilizofungwa kwa mkataba wa 2008 zimekwisha kukaa juani zaidi ya miaka kumi, nazo zastahili kupimwa moja moja ili ijulikane kila moja imebakiwa na uwezo gani na imeupoteza kwa sababu gani, kazi ambayo inataka testa ya fundi na hesabu ya pengo kwa pamoja. Wakuu wa vyuo vyetu vya uhandisi, mnapowagawa vijana kwenda mafunzo kwa vitendo, msiwajaze wote viwandani Dar es Salaam: wachache wao, wakiisha kufaulu somo la kwanta, wapelekeni Kasulu na Kibondo wakazipime paneli hizo, na fundi wa pale awe mmoja wa wasimamizi wao.